Usaha Hautoki Ubongoni

"Huo ni ubongo unavuja," ajuza mmoja aliniambia pale Boito, Konoin, katika kaunti ya Bomet, akinionyesha mjukuu wake aliyefungwa kwa leso mgongoni mwa mamake.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu katika kituo cha kupimia majani chai. Vikapu vilikuwa vimepangwa, lori halijafika, na watu walikuwa na muda wa kuzungumza. Usaha wa manjano ulikuwa umekaukia shingoni mwa mtoto. Sikioni mama alikuwa amechomeka kipande cha sponji alichokikata kwenye godoro, ili nzi wasimsumbue mwanawe.

"Kogo," nikamuuliza, yaani bibi kwa Kipsigis, "na mkiukausha?"

"Usithubutu. Ukiukausha unarudi ndani, na ukirudi ndani umemzika."

Hakuna aliyecheka, wala mimi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota kauli za namna hii juu ya masikio ya watoto: za wachuma chai na za wenye vyeti, za wanaotisha na za wanaotuliza. Nitazijibu hapa. Baadhi zinahitaji maelezo marefu, nyingine sentensi mbili zinazitosha.

Nianze na ya kogo, maana ndiyo iliyoukaribia ukweli kuliko zote, ila imegeuza mbele kuwa nyuma.

Nyuma ya kile kiwambo chembamba kinachotetemeka tunaposikia kuna chumba kidogo mno. Maji ya kukijaza hayafiki nusu ya kijiko cha chai. Hilo ndilo sikio la kati. Ndani yake mna mifupa mitatu, midogo kuliko yote mwilini, inayopokezana mtetemo na kuufikisha sikio la ndani. Chumba hicho hupata hewa kupitia mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto mchanga ni karibu nusu ya urefu huo, na umelala kama mfereji usio na mteremko. Mtoto akishikwa na mafua, mrija unavimba na kuziba, na vijidudu vya puani vinapata njia fupi ya kupanda. Chumba kinajaa usaha. Kiwambo kinafura mpaka kinatoboka, usaha unamwagika nje, na mtoto aliyelia usiku kucha analala fofofo.

Hapo ndipo imani ya kogo ilipozaliwa. Ameona kwa macho yake, tena si mara moja, kwamba usaha ukitoka mtoto anatulia. Mtu aliyeona hivyo ana sababu ya kuogopa kuuzuia.

Lakini usaha huo umetengenezwa chumbani humo humo. Haukushuka kutoka ubongoni. Dari ya chumba hicho ni mfupa mwembamba kama ganda la yai, na juu ya dari ndipo ubongo ulipokaa. Ugonjwa ukiachwa miezi na miaka, unaweza kuutafuna mfupa huo na kupanda. Unaweza pia kujipenyeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, ukavimbisha ngozi na kulisukuma sikio mbele. Unaweza kuleta homa ya uti wa mgongo, au jipu ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 2012 Lorenzo Monasta na wenzake walikadiria kwamba watu 21,000 duniani hufa kila mwaka kwa matatizo yanayotokana na ugonjwa wa sikio la kati. Kwa hiyo njia kati ya sikio na ubongo ipo kweli. Kogo aliiona njia. Alichokosea ni msafara unaelekea upande gani.

Na ile ya pili, kwamba ukiukausha unarudi ndani? Kinachoufungia usaha ndani ni ile sponji ya godoro. Ndiyo kizibo. Vijidudu vya sikio la muda mrefu hupenda unyevu na joto, na mama yule, kwa nia njema kabisa, alikuwa amevitandikia kitanda.

Niliwahi kumtazama muuguzi akimfundisha mama mmoja namna ya kukausha, na tangu hapo sioni haja ya kubishana kwa maneno. Alichukua kitambaa safi cha pamba kilichofuliwa hadi kikalainika, akakata ukanda mwembamba, akausokota kati ya gumba na kidole cha shahada mpaka ukawa kama utambi wa koroboi. Mtoto akalazwa ubavu mapajani mwa mamake. Muuguzi akalivuta sikio nyuma taratibu, akaingiza utambi, akangoja kidogo, akautoa. Ulitoka umelowa, wa manjano, na harufu yake ikajaa chumba. Akautupa, akasokota mwingine. Wa tatu ulitoka na unyevu kwenye ncha tu. Wa nne ulitoka mkavu.

"Sasa ndiyo dawa iingie," akasema. "Ukiitia kabla, inaelea juu ya uchafu."

"Na kwa kijiti cha kiberiti, daktari?"

"Mama, kijiti ni cha kuwasha moto."

Utambi hausukumi kitu. Unavuta, kama wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Hufanywa hivyo mara tatu kwa siku, na kila utambi hutumika mara moja tu. Karatasi ya chooni haifai, kwa kuwa hulowa ikakatikia ndani.

Sasa kauli ninayoiogopa kuliko ya kogo, kwa sababu inasemwa kwa upole: "Ni sikio la utoto hilo. Atakua, litapona lenyewe."

Hii ilijibiwa hapa hapa Kenya, na ajabu ni kwamba wengi wanaoitamka hawajui. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Andrew Smith katika Wilaya ya Kiambu. Walichukua watoto 524 wenye masikio yanayotoka usaha wa muda mrefu, kutoka shule za msingi 145, wakawagawa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Fungu moja halikupewa tiba wakati huo. La pili lilikaushwa masikio tu. La tatu lilikaushwa, likapewa na antibiotiki za kumeza na matone ya antibiotiki yenye steroidi. Baada ya majuma 16 watafiti wakatazama masikio ya nani yamekauka.

Katika fungu lisilotibiwa, asilimia 22. Yaani wazazi watano wakingoja sikio lijiponye, baada ya karibu miezi minne wanne wao wangali wanangoja.

Utafiti huo huo ndio unaoangusha kauli nyingine, na hii nimeisikia kutoka kwa wenye makoti meupe: "Mkaushie tu, inatosha." Kwa miaka mingi zahanati za nchi maskini zilishauriwa hivyo, kwa kuwa kitambaa ni rahisi kuliko dawa. Fungu la Kiambu lililokaushwa bila dawa lilipona kwa asilimia ngapi? 22. Ile ile ya wasiofanyiwa kitu. Waliokaushwa na kutiwa dawa walifikia 51. Kukausha ni kufungua mlango. Anayefungua mlango halafu asiingize mtu hajafanya ziara.

Nisiifanye tiba hiyo kuwa muujiza. Nusu ya waliotibiwa hawakukauka, na matundu ya viwambo yaliziba kwa asilimia 15 tu, dhidi ya 13 kwa mafungu mengine mawili, tofauti isiyo na uzito. Kwa hiyo mtoto anaweza kukauka sikio akabaki na tundu, na tundu hilo baadaye huenda likahitaji daktari wa upasuaji. Lakini wale ambao masikio yao yalikuwa makavu kufikia juma la 16 walisikia vizuri zaidi kuliko wale waliokuwa bado wanatoka usaha. Kwa mtoto wa shule, hiyo ndiyo faida inayoonekana.

Swali linalofuata kwenye duka la dawa ni: matone gani? "Yote ni sawa, chukua haya ya bei nafuu." Si sawa. Carolyn Macfadyen na wenzake walipitia wanafunzi 39,841 wa Kenya ili kuwapata 427 wenye ugonjwa huu, wakalinganisha matone ya siprofloksasini na asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Baada ya majuma mawili, asilimia 59 ya waliotumia siprofloksasini walikuwa wamekauka, dhidi ya 32 kwa asidi ya boriki. Mama wa Boito anayehesabu shilingi zake ana haki ya kuambiwa tofauti hiyo kabla ya kulipa. Vilevile asiuziwe kapsuli peke yake kwa sikio la muda mrefu. Matone huanguka pale pale vijidudu vilipo. Kapsuli inazunguka mwili mzima, na kinachofika sikioni ni kidogo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya watoto, ambao zahanati zetu zinautumia, unaigawa kazi kwa hesabu ya siku. Usaha wa chini ya siku 14: amoksisilini ya kumeza kwa siku 5, pamoja na kukausha. Usaha wa siku 14 au zaidi: kukausha, na matone ya jamii ya siprofloksasini kwa majuma mawili. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio: hospitali haraka, na dozi ya kwanza ya antibiotiki apewe kabla ya safari. Ni maneno machache, yanaingia ukutani kwenye kipande cha karatasi.

"Lakini huku kwetu ni baridi," watu wa Konoin wataniambia, "na baridi ndiyo inayoleta." Ukiwa Boito saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya mashamba na wachuma chai wamejifunga plastiki kiunoni, kauli hiyo inashawishi. Mimi mwenyewe niliwahi kuiamini.

Iweke mbele ya tarakimu. Kiambu nako ni nchi ya majani chai na ukungu. Mei 1992 walipopimwa wanafunzi 5,368 huko, asilimia 1.1 walikuwa na masikio yanayotoka usaha wa muda mrefu. Miaka michache baadaye Minja na Machemba walichapisha matokeo yao kutoka Dar es Salaam, mji ambao mtu hutokwa jasho akiwa amekaa kitako. Katika shule za mjini walikuta asilimia 1.3. Katika shule za vijijini za mkoa huo huo, asilimia 9.4. Sitaki kuzilinganisha tafiti mbili kana kwamba zilifanywa na mkono mmoja. Lakini kama baridi ndiyo ingekuwa mama wa ugonjwa huu, vijiji vya pwani visingeishinda Kiambu; na katika Dar es Salaam yenyewe, jua la mjini na la kijijini ni moja. Kinachoweza kutofautiana ni mambo mengine: watoto wangapi wanalala chumba kimoja wakipeana mafua, moshi wa sigara ndani ya nyumba, na umbali wa kufika kwa mtu mwenye dawa.

Baridi inawasukuma watu ndani, wakakaribiana karibu na moto, na hapo mafua yanapata pa kuruka. Hadi hapo nakubali. Sweta peke yake haitibu sikio.

Kuna jambo moja la Boito ambalo lina uzito kuliko baridi. Mama anaporudi shambani, mtoto wa miezi sita huachwa na dada yake wa miaka minane, naye humpa chupa akiwa chali kitandani. Maziwa yanaweza kuingia kwenye ule mrija uliolala. Mwinue kichwa. Na anayeweza kunyonyesha anyonyeshe, kwa kuwa maziwa ya mama hupunguza maambukizi haya.

Maziwa ya mama ni ya kinywani, lakini. "Tia matone mawili ya maziwa ya mama sikioni," "tia mafuta ya kupikia yaliyopashwa," "kamulia majani." Kiwambo kikiwa kimetoboka, chochote unachokimimina kinaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mifupa mitatu. Mafuta ya moto huunguza, maziwa huchacha. Sina zaidi la kusema hapo.

"Ni zile sindano za kliniki zinazoleta usaha." Kinyume chake. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya nimonia ya pneumokokasi mwaka 2011, katika majuma ya 6, 10 na 14. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi waliofuatilia matokeo walieleza mwaka 2019 kwamba magonjwa makali ya damu na uti wa mgongo yanayoletwa na aina za kijidudu zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5. Kijidudu hicho ni kimojawapo cha vile vinavyoanzisha maumivu ya sikio. Chanjo haizuii kila sikio kuugua, na vijidudu vinavyokaa katika sikio la usaha wa muda mrefu mara nyingi ni vya aina nyingine. Basi tuidai chanjo kazi yake, si zaidi, na tusiisingizie.

Nimeiweka nyuma kauli inayoumiza zaidi, ile inayosemwa mtoto akiwa anasikia, au tuseme akiwa hasikii: "Sikio limekwisha kumla ubongo. Huyo si wa kusoma."

Hapa kuna mambo mawili yaliyofungwa fundo moja, na lazima yafunguliwe. La kwanza ni kama maji ya sikio la kati yanaharibu akili ya mtoto. Kule Pittsburgh, Marekani, Jack Paradise na wenzake waliliuliza swali hilo kwa subira ya ajabu. Kuanzia mwaka 1991 waliandikisha watoto wachanga 6,350 wakawa wanawachunguza masikio mara kwa mara. Kati yao 429 walikaa na majimaji katika sikio la kati kwa muda mrefu. Kwa bahati nasibu, nusu wakawekewa vijirija vya kupitisha hewa mara moja, na nusu wakacheleweshwa kwa miezi kadhaa. Watoto wakapimwa lugha, akili na tabia wakiwa na miaka 3, tena baadaye, na mwisho wakiwa na miaka 9 hadi 11, katika kusoma, umakini na mwenendo. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2007. Hakukuwa na tofauti. Waliowahiwa hawakuwashinda waliocheleweshwa.

Wanaotisha wazazi kwamba kila tone la maji sikioni ni kipande cha akili kinachopotea wana utafiti huo wa kuujibu, na sijaona wakiujibu. Lakini wanaotuliza nao wasiukimbilie. Watoto wa Pittsburgh walikuwa na majimaji nyuma ya kiwambo kizima, siyo usaha wa mwaka mzima unaopita kwenye tundu. Walikuwa na watu wa kuwachungulia masikio mara kwa mara. Mtoto wa Boito mwenye usaha tangu kabla ya kutambaa hayumo katika hesabu ile.

La pili ni kusikia kwenyewe. Ziba masikio yako kwa vidole halafu umsikilize mtu aliye upande wa pili wa chumba. Karibu hivyo ndivyo anavyosikia mtoto mwenye kiwambo kilichotoboka na chumba kilichojaa. Sasa mweke dawati la nyuma, katika darasa la mabati, saa nane mchana, mvua ya Bomet ikipiga. Hata mwenye masikio mazima anakisia. Tena mtoto huyu ametoka nyumbani na Kipsigis, anafundishwa Kiswahili na Kiingereza. Lugha tatu zinapitia sikio moja lililofungwa nusu. Asipoitika, mwalimu anaandika "mzembe". Ubongo wake hauna kasoro. Haujaletewa habari. Msogeze dawati la mbele kesho asubuhi, kabla hata ya dawa, haigharimu senti.

Na kwa kuwa ubongo umetajwa, tumefika kwenye mashine za kuupiga picha. Zipo kauli mbili zinazopingana, na nimezisikia zote mbili katika wiki moja. Mmoja alisema mashine za kupiga picha za ubongo huunguza utosi wa mtoto, na wanaozileta wanataka kusoma kilichomo. Mwingine, mfanyabiashara mwenye gari, alisema asingemtibu mwanawe sikio kabla hajapigwa "skani ya kichwa", hata kama ni kwenda Nairobi.

Wa kwanza anastahili jibu la heshima, kwa sababu mashine hizo si moja, na hakuna aliyejishughulisha kumweleza. Kuna ultrasaundi, inayopitishwa kwenye utosi wa mtoto mchanga kabla mifupa haijafungana. Ni sauti, ile ile inayomtazama mtoto tumboni, haiunguzi. Kuna MRI, ambayo hutumia sumaku. Mtoto mchanga hunyonyeshwa, huvingirishwa vizuri, akasinzia, ndipo akaingizwa. Kelele yake ni kubwa kiasi kwamba lazima azibwe masikio: mashine ya kuupiga picha ubongo inaanza kwa kuyalinda masikio. Kule Mbarara, Uganda, mwaka 2022 iliunganishwa MRI ndogo ya sumaku dhaifu na ya gharama ya chini, kwa ushirikiano wa chuo kikuu cha pale na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, wakiwafikiria hasa watoto wachanga wenye vichwa vilivyojaa maji.

Kuna na kofia ya mwanga. Kule Keneba, kijiji cha Gambia, Sarah Lloyd-Fox, Clare Elwell na wenzao waliwavisha watoto wachanga kofia laini yenye taa ndogo za mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga hupenya fuvu jembamba la mtoto na kurudi ukieleza mahali ambapo damu yenye oksijeni imeongezeka, yaani sehemu ya ubongo inayofanya kazi wakati ule. Taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 2014. Mtoto amekaa mapajani mwa mamake, anatazama picha na kusikia sauti. Kofia haisomi wazo lolote. Inajua damu imekwenda wapi, basi.

Iliyobaki ni CT, na hiyo ndiyo yenye eksirei. Hapa mwenye hofu ana chembe ya ukweli. Mwaka 2012 Mark Pearce na wenzake, waliofuatilia Waingereza wapatao 180,000 waliopigwa CT wakiwa wadogo, walikadiria kwamba katika kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 waliopigwa CT ya kichwa, ndani ya mwongo mmoja huongezeka mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo. Hatari ni ndogo, lakini si sifuri. Inapohitajika, faida yake huizidi hatari hiyo kwa mbali. Kule Mbale, Uganda pia, katika hospitali ya CURE, CT ndiyo iliyotumika kupima ubongo wa watoto 100 wa chini ya miezi sita waliojaa maji kichwani baada ya maambukizi, ili kulinganisha aina mbili za upasuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Watoto wale walikuwa na sababu ya kuingia kwenye mashine.

Mtoto wa mfanyabiashara wetu hana. Usaha sikioni huonekana kwa kurunzi ya daktari. Picha haitamwambia atie dawa gani, na inaweza kumwongezea hofu, kwa kuwa MRI za watoto wadogo mara nyingi huonyesha majimaji katika sikio la kati au kwenye mfupa wa nyuma yake bila mtoto kuwa na ugonjwa wowote wa mfupa. Mtu anakwenda kupiga picha ya ubongo, anarudi na barua juu ya sikio, halafu halali. Picha ni ya yule ambaye sikio limesukumwa mbele na uvimbe, uso umepinda upande mmoja, shingo imekakamaa, anatapika na kusinzia kusiko kwa kawaida, au amepata degedege. Huyo hapaswi kungojea foleni, wala kujadiliwa kituoni.

Yule kogo aliniuliza swali moja kabla lori halijafika: "Sasa wewe mwenye vitabu, tufanye nini leo?" Nilimwambia atoe sponji, na wampeleke mtoto zahanati wakishapima majani. Mama akasema usaha ulianza wakati wa kupanda mahindi. Tulikuwa tunakaribia kuvuna.

Wewe unayesoma, kama una mtoto wa namna hiyo nyumbani, anza kuhesabu siku tangu usaha ulipoonekana, na uitaje hesabu hiyo kwa muuguzi kabla hajakuuliza. Zikifika 14, ulizia matone, si kapsuli peke yake. Na ukigusa nyuma ya sikio ukakuta uvimbe, tafuta bodaboda usiku huo huo.